Der, Die, Das Nyumbani kwa Mukansanga

Izabayo alipopiga simu kutoka Ujerumani kusema kwamba mama wa mchumba wake anakuja Rusizi, Rwanda, mwezi wa nane, aone nyumba na watu kabla ya harusi, mama yake, Mukansanga, aliuliza swali moja tu: huyo mama anasema lugha gani?

"Kijerumani, Maman. Na Kiingereza kidogo."

"Kifaransa?"

"Hata neno moja."

Mukansanga akahesabu lugha zake. Yeye alikuwa na Kinyarwanda cha wazazi wake, Kiswahili na Kifaransa cha Bukavu, Kongo, alikozaliwa na kukulia, na Kimashi cha kutosha kubishana na wauza vitambaa. Aliporudi Rwanda ya wazazi wake alifungua meza ya kushona katika soko la Kamembe, na miaka yote hiyo hakuwahi kukaa na mtu akashindwa kuongea naye.

"Usiwe na wasiwasi," Izabayo akasema. "Mimi nitakuwa natafsiri."

"Utatafsiri nini? Mimi na mukwe wangu tuongee kupitia mutoto? Kuko mambo muntu hawezi kusema mbele ya mutoto wake."

Basi akaamua kujifunza Kijerumani. Alikuwa na miezi minne na nusu.

Mwalimu hakuwa mbali. Mtaa wao uko kwenye mteremko wa kutoka Kamembe kushuka Cyangugu ziwani, na nyumba tatu juu ya kwake aliishi Papa Anastase, mzee wa miaka sabini na miwili. Mwaka 1984 kiwanda kimoja cha vinywaji cha Bukavu kilimpeleka Ujerumani miezi tisa ajifunze kutengeneza mashine za kufunga chupa. Tangu hapo kila aliyetaka kumsikiliza, na wengi ambao hawakutaka, walishasimuliwa habari za theluji na za treni isiyongoja mtu. Lakini hakuna aliyewahi kumwomba awafundishe hicho Kijerumani chenyewe. Mukansanga alipobisha hodi, mzee alikaa chini kwanza.

"Maman Izabayo, hii lugha nimeiweka miaka makumi nne," akasema. "Ngoja niangalie kama ingali iko."

Kesho yake saa kumi na moja jioni alifika amevaa tai, ana kamusi ya Kijerumani na Kifaransa isiyo na jalada, ambayo mchwa walikuwa wameila kuanzia herufi U. Malipo aliyoomba ni kupunguziwa suruali zake zote kiunoni, kwa sababu uzee ulikuwa umemkondesha.

"Kijerumani iko na milango tatu," akaanza. "Kila kintu inapita mulango wake. Der, mwanaume. Die, unasoma 'dii', mwanamke. Das, hapana mwanaume, hapana mwanamke."

"Ni kama Kifaransa basi. Le na la."

"Ni kama Kifaransa, lakini usifuate Kifaransa, kitakupoteza." Akaweka kiganja juu ya meza. "Hii, kwa Kifaransa?"

"La table. Mwanamke."

"Kwa Kijerumani, der Tisch. Mwanaume."

Mukansanga aliitazama ile meza. Alikuwa ameinunua Bukavu mwenyewe, ikavushwa mpaka kwenye daraja la Rusizi juu ya kichwa cha mbebaji. "Sasa meza inatoka kule mwanamke, inafika huku mwanaume. Ku frontière banaandika nini?"

Papa Anastase akasema hilo si swali la somo la kwanza.

Somo la pili lilikuwa gumu zaidi. Jua, ambalo Wafaransa wanaliona mwanaume, Wajerumani wanaliona mwanamke. Mwezi ni kinyume chake. Kijiko ni mwanaume, uma ni mwanamke, na kisu si huyu wala yule, ingawa vyote vitatu vinalala sahani moja. Mukansanga aliandika yote katika daftari lake la vipimo vya wateja, upande wa nyuma. Hakulalamika sana. Alisema hata sisi tuna muti na miti, kintu na bintu, lukuni na kuni, na hakuna anayejua ni nani aliyepanga, lakini tunaishi.

Alichoka siku walipofika kwenye neno msichana.

"Das Mädchen," akasema Papa Anastase.

"Das?"

"Das."

"Msichana hapana mwanamke?"

"Akiolewa anakuwa die Frau. Mbele ya pale ni das."

Mukansanga alifunga daftari. Binti yake Izabayo alikuwa na miaka ishirini na saba, nesi, anaishi peke yake katika nchi ya watu, na kumbe muda wote huo alikuwa katika fungu moja na kisu. Jioni ile alimpigia simu kumuuliza kama harusi haiwezi kuharakishwa kidogo.

Msamiati wa mwalimu ulikuwa wa kiwandani. Alijua chupa, kizibo, grisi na mkanda wa mashine. Alijua Vorsicht, maana yake angalia usiumie, na kaputt, maana yake imeharibika, na Hände waschen, bitte, ambayo ilikuwa imebandikwa juu ya kila bomba: osheni mikono, tafadhali. Majina ya ndugu hakuwa nayo mengi; shangazi na wajomba hakukutana nao pale kazini. Lakini desturi za Wajerumani alizifundisha kwa moyo wote. Unavua viatu mlangoni. Humtembelei mtu bila kumwarifu. Takataka zinagawanywa katika mapipa ya rangi, na ukikosea jirani anakuja kukueleza. Na saa ni saa.

"Ukisema saa inne, ukafika saa inne na dakika tano, bale banakuhesabu muntu ya kudanganya."

Maneno yalipozidi mia moja yakaanza kuchanganyika kichwani. Papa Anastase akakumbuka mbinu ya rangi: buluu kwa der, nyekundu kwa die, kijani kwa das. Fundi wa nguo hakosi vipande vya kitambaa. Jumapili moja baada ya misa Mukansanga alikaa na mkasi na kalamu nene nyeusi, akaandika herufi kubwa, akavipachika vipande vile nyumba nzima kwa pini na sindano. DER TISCH mezani. DAS FENSTER dirishani. DIE LAMPE kwenye taa, DIE SCHERE kwenye mkasi, DIE NÄHMASCHINE kwenye cherehani. Mbuzi wake akavishwa shingoni utepe mwekundu: DIE ZIEGE. Mumewe Rutayisire, fundi wa injini za boti, mtu asiyependa maneno mengi, alipachikwa mfukoni mwa shati kitambaa cha buluu, DER MANN, akaenda nacho ziwani Jumatatu nzima bila kuuliza.

Sasa katika nyumba ile aliishi pia mama yake Rutayisire, Nyiransabimana, mwenye miaka themanini na moja. Mtaa mzima ulimwita Mukecuru, yaani bibi kizee. Alikuwa na chumba chake karibu na jiko, na kwa bahati tu karibu kila kitu chake kilikuwa cha kike. Mlango wake, die Tür. Godoro, die Matratze. Blanketi, die Decke. Kikombe chake cha bati cha kunywea uji, die Tasse. Mukansanga alivipamba vyote kwa nyekundu. Mukecuru hakujua kusoma. Aliona ni mapambo ya harusi, akashukuru kwamba yeye amepewa mengi kuliko wengine.

Katika nyumba ile hakuna aliyejua Kiingereza. Waliokisoma shuleni walikuwa wameshaondoka. Ndiyo maana hakuna aliyeona hatari yoyote mpaka alipokuja Kamikazi.

Kamikazi alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi, jirani wa ng'ambo ya barabara. Alikuja Ijumaa kuchukua gauni lake, akaambiwa Mukansanga ameenda kutafuta uzi, angoje. Mukecuru alikuwa amekaa kizingitini na kikombe chake. Kamikazi aliona kwenye kikombe neno moja limeandikwa kwa herufi nyeusi juu ya kitambaa chekundu kama damu. Akatazama mlango nyuma ya mzee: neno lilelile. Akachungulia ndani: blanketi, godoro. Kwa Kiingereza neno lile la herufi tatu lina maana moja tu, nayo ni kufa. Yale mengine, Tasse na Decke, hakuyajua. Alidhani ni Kimashi.

"Mukecuru," akauliza polepole, "nani aliandika hivi vitambaa?"

"Mukansanga. Ni vizuri, sivyo?"

"Alikuambia maana yake?"

"Hapana. Wewe unajua kusoma, niambie."

Kamikazi alikuwa mtu mkweli, na mtu mkweli akiulizwa na mzee hujibu. "Inasema kufa, Mukecuru."

Mzee alitazama kikombe. "Nani afe?"

"Haikutaja jina. Inasema tu, kufa. Kila mahali, kufa."

Mukansanga aliporudi na uzi wake, Kamikazi alikuwa ameondoka bila gauni, na Mukecuru amejifungia. Usiku ule hakula. Jumamosi asubuhi aliomba uji katika kikombe cha Rutayisire, na kabla ya kunywa alimtaka Mukansanga anywe kwanza. Mukansanga alikunywa, akasema una sukari ya kutosha. Hakuelewa kitu. Alifikiri labda ni uzee umeanza kumchanganya mama mkwe wake, akamhurumia, na ili kumchangamsha akamshonea utepe mwingine mwekundu juu ya kitambaa cha kichwa.

Jumanne alasiri kulikuwa na mkutano wa wakazi wa mtaa. Mkuu wa mtaa, Jean Paul, alikuwa amemaliza kuongea juu ya mifereji ya maji ya mvua na akauliza kama kuna mwenye neno. Mukecuru akasimama. Alikuwa amekuja na kikombe chini ya kanga, akakitoa, akakiinua watu wote wakione.

"Mimi niliishi na huyu mwanamke miaka thelathini," akasema. "Nilimulea Izabayo mugongoni wakati yeye anashona. Sijamukosea. Kama amechoka na mimi, aseme kwa mudomo. Asiniandikie kufa juu ya kikombe."

Watu wakageuka wote pamoja. Mukansanga alibaki ameshika kalamu aliyokuwa akiandikia maneno yake ya siku. Jean Paul alichukua kikombe, akasoma, akampa aliyekuwa karibu, naye akasoma, kikazunguka safu nzima. Vijana waliokijua Kiingereza waliinamisha vichwa. Mwanamke mmoja alijivuta kando kwenye benchi.

"Maman Izabayo," Jean Paul akasema, "hii uliandika wewe?"

"Niliandika mimi. Ni kikombe."

"Hata mimi naona ni kikombe. Ninauliza hili neno la mbele."

"Ni mwanamke," akasema Mukansanga.

"Mwanamke gani?"

"Kikombe. Kikombe ni mwanamke."

Jean Paul alivua kofia akaivaa tena. Hapo Papa Anastase, aliyekuwa nyuma akisinzia, akaamka na kusikia kikombe kikiitwa mwanamke, akafikiri ameitwa yeye. Alipita mbele na tai yake, akaeleza habari za der, die na das kwa dakika ishirini, akianza na safari yake ya ndege ya mwaka 1984. Mwisho wake nusu ya mkutano ilikuwa imeelewa, na nusu nyingine ilikuwa imeamini kwamba Wajerumani ni watu wenye shida.

"Kama ni hivyo," Jean Paul akasema, "tukiingia ile nyumba tutakuta hili neno hata ku bintu vya Maman Izabayo mwenyewe?"

"Muende muangalie."

Wakaenda, watu kama arobaini, wakishuka kwa mstari. Walikuta cherehani ina neno lile, na mkasi, na taa. Walikuta mbuzi anatafuna neno lile. Mukansanga akaingia chumbani, akatoka na picha yake ya ndoa: juu ya shela alikuwa amebandika kwa mkono wake mwenyewe DIE FRAU.

"Kama ninatafutia Mukecuru kifo," akasema, "nilianza na yangu."

Kamikazi aliona aibu mbele ya kila mtu. Alimshika Mukecuru mikono yote miwili, akaomba radhi, akaeleza kwamba ni Kiingereza ndicho kilichomdanganya. Mukecuru alimsamehe haraka. Lakini hakuwa ameridhika. Alikuwa akimtazama mwanawe Rutayisire, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake cha buluu.

"Na huyu, yake inasema nini?"

"Der," Mukansanga akajibu.

"Hiyo si kufa?"

"Hapana."

"Kwa hiyo banawake wote kufa, banaume hapana." Akakaa juu ya kigoda chake. "Mimi nilizika bwana, nilizika bandugu, nilivuka mupaka kwa miguu mara mbili. Ile neno sitaki mu chumba yangu. Munipe ile ya Rutayisire."

Papa Anastase akasema haiwezekani. Alisema sarufi si kabati ambalo mtu anafungua na kuchagua nguo. Alisema der Tasse ingemfanya Mjerumani yeyote augue. Mukecuru alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia Mukansanga alete sindano. Jua lilipozama, kikombe, blanketi, godoro na mlango vyote vilikuwa vimevaa buluu, na mzee akala vizuri. Mwalimu alikaa siku nne hakuja kufundisha.

Wiki moja kabla ya wageni kufika, Mukansanga alidai kuongea na mkwe wake kwa simu, wao wawili tu. Jina lake lilikuwa Gudrun. Alikuwa na sauti nzito, na aliongea polepole, kama mtu anayeshuka ngazi zenye matope.

"Guten Tag, Mukansanga. Ich komme am Samstag um zehn Uhr."

Mukansanga alifumba macho. Samstag, Jumamosi. Zehn, kumi. Uhr, saa. Aliielewa sentensi nzima. Kule upande wa pili Izabayo alitaka kuchukua simu ahakikishe, mama yake akamkatalia, akaikata, akatangaza nyumbani na mtaani na kwa Papa Anastase: mgeni anafika Jumamosi saa kumi.

Hesabu ilikuwa sahihi, ila Mjerumani huanza kuhesabu saa zake usiku wa manane. Zehn Uhr yake ni saa nne yetu, asubuhi.

Kwa hiyo Jumamosi saa nne kamili gari liliposimama barabarani, Mukansanga alikuwa uani anasugua ngazi kwa brashi, amevaa ovaroli la kazi la mumewe. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umesukwa, upande wa pili umesimama wenyewe. Kamikazi alikuwa nyuma yake na kitana, Rutayisire alikuwa anaoga, na ngazi zote zilikuwa zimefunikwa povu la sabuni. Akashuka Izabayo, akashuka mchumba wake Tobias, kijana mrefu mwenye miwani, akashuka mwanamke mwenye nywele fupi nyeupe na kandambili za ngozi, amefungua mikono tayari kukumbatia. Alikuwa anazikimbilia zile ngazi.

Hotuba ya kukaribisha, sentensi kumi na moja zilizofundishwa kwa wiki tatu, ilimtoka Mukansanga kichwani yote. Lililobaki lilikuwa neno la kiwandani.

"Vorsicht," akasema. "Vorsicht, nass." Angalia, pamelowa.

Gudrun alisimama. Alitazama chini, akaona povu na jiwe linaloteleza, akashika ukuta. "Danke," akasema, na akashuka ngazi moja moja mpaka chini, mzima. Mukansanga alibaki amesimama na brashi mkononi. Alikuwa amesema Kijerumani na mtu amepona.

Mapokezi hayakuwa mabaya. Kuku alikuwa hajachinjwa, lakini kulikuwa na maharage na ndizi. Mukansanga alileta beseni na birika, akapita kwa kila mmoja akisema, "Hände waschen, bitte," na Gudrun alishangaa kusikia sentensi isiyo na kosa hata moja. Izabayo alipoelezwa habari za saa kumi alicheka mpaka akakaa chini. Rutayisire alitoka bafuni, akampa mgeni mkono, akajionyesha kifuani. "Der Mann," akasema, na hakuongeza neno siku ile.

Papa Anastase alifika saa kumi kamili alasiri, suti nyeusi, suruali imekaa vizuri kiunoni, akakuta vyombo vimeshaoshwa.

"Mimi niko ku saa," akasema. Hakutaka kuelezwa.

Shida ndogo ilitokea kwenye chai. Gudrun aliona kikombe cha Mukecuru, akasoma DER TASSE, akasema kwa upole, kama mwalimu anayesahihisha mtoto: "Die Tasse." Mukecuru hakuelewa, lakini alisikia "dii", akakikumbatia kikombe kifuani. Ikabidi Izabayo atafsiri kisa chote kama mama yake alivyokisimulia, mkutano na mbuzi na picha ya ndoa, naye mwenyewe alikuwa akikisikia kwa mara ya kwanza. Gudrun alicheka akavua miwani akaifuta. Kisha alimwambia Mukecuru, na Izabayo akatafsiri, kwamba kikombe ni chake, kiwe anachotaka yeye.

Jumapili, kwenye chai ya asubuhi, Gudrun alipaka mkate siagi, akaonja, akasema, "Der Butter ist gut."

Mukansanga aliweka kisu chini. "Die Butter."

"Der Butter," akasema Gudrun.

"Die. Die Butter."

"Maman," Izabayo akasema, "yeye ni Mjerumani."

"Minajua ni Mjerumani." Mukansanga alienda kuleta daftari, akafungua mahali pa herufi B, akaligeuza juu ya meza. Tobias aliangalia, kisha akamwangalia mama yake kama mtu aliyengoja siku hii tangu utotoni. Gudrun alibadilika rangi masikioni. Ikajulikana kwamba kijijini kwao, kusini mwa Ujerumani, siagi ni mwanaume. Mama yake alisema der, na nyanya yake, na ng'ombe wote wa pale wamekamuliwa hivyo. Shuleni mwalimu alimsahihisha miaka minne mfululizo, naye hakukubali.

"Kitabu kinasema die," Mukansanga akasema. Hakuwa na ukali. Alikuwa anaeleza tu.

Papa Anastase aliitwa baada ya misa. Alisikiliza pande zote mbili, akafungua kamusi, akakohoa, akatoa hukumu kwamba Maman Izabayo ameshinda. Mukansanga hakujisifu mbele ya mgeni. Alingoja mpaka Jumatatu sokoni.

Siku iliyokuwa ya mwisho ya wageni, Mukansanga aliwatuma Izabayo na Tobias Cyangugu kununua mkaa ambao haukuhitajika. Alitaka wabaki yeye na Gudrun. Walikaa uani na beseni la sambaza, vile visamaki vya ziwa Kivu vyenye urefu wa kidole, wakivitoa matumbo, na Mukecuru pembeni anachagua vilivyopondeka. Mukansanga alikuwa anapanga maneno. Miezi minne na nusu alikuwa amejifunza kwa ajili ya swali hili, na sasa aliona kwamba maneno aliyokuwa nayo hayakutosha. Alitumia yaliyokuwepo.

"Gudrun. Dein Sohn," akasema. Mwanao. "Nicht kaputt?"

Gudrun aliacha samaki. Hakucheka. Alifikiria vizuri, kama anayeulizwa na fundi kuhusu gari analoliuza. Akajibu kwa maneno mafupi na ishara, mpaka Mukansanga akaelewa yote: hanywi pombe sana. Anapika. Analala sana Jumapili. Anakasirika kimya kimya, siku mbili, kisha inaisha. Baba yake aliondoka akiwa mdogo, na hiyo bado inamuuma, lakini si kaputt. Alionyesha kifua chake mwenyewe, akakipigapiga kidogo.

Mukansanga alitikisa kichwa kukubali. Akamshika mkono, wenye magamba ya samaki.

"Und Izabayo?" akauliza Gudrun.

"Izabayo gut," akasema Mukansanga. Alitafakari. Ukweli ni ukweli. "Asubuhi, Vorsicht."

Hapo Gudrun alicheka, na Mukansanga akacheka, na Mukecuru akataka kujua wanacheka nini, akaambiwa, akasema hata yeye angewaonya, maana alimlea.

Mafuta yalipopata moto, Gudrun aliinua samaki mmoja kwa mkia. Alitoa kijitabu chake mfukoni. "Sambaza," akasema. "Der? Die? Das?"

Mukansanga hakujua. Alitazama katika daftari, halikuwemo. Gudrun alieleza kwamba Wajerumani hawana samaki huyu, kwa hiyo hawajampa mlango. Mukansanga akasema iwe die, maana wanauzwa na wanawake. Gudrun akasema der, kwa sababu samaki, der Fisch, ni mwanaume. Wakabishana kidogo, kila mmoja kwa maneno kumi aliyonayo, mafuta yanachemka.

"Munapiga kelele ya nini?" Mukecuru akauliza.

Mukansanga akamweleza kwa Kinyarwanda. Mzee alichukua kisamaki kimoja, akakigeuza huku na huku karibu na jicho lake zuri, akakitupa katika sufuria.

"Ni ile ya tatu," akasema. "Nani anakaanga sambaza kwanza anaangalia kama ni mwanamke?"

Gudrun alitafsiriwa kwa vidole na macho, akaelewa, akaandika: das Sambaza. Kisha akaomba pilipili.